Picha Inakuja, Sauti Haiji

Maneromango, Kisarawe
Jumatatu, 5 Mei 2025

Raudha,

Salamu utazikuta mwishoni, ukizistahili.

Kile kifaa chako cha mtandao kimekufa. Kilifika kwa kirikuu cha Dotto, kile kigari chake cha mananasi, Jumanne, Jumatano kikawaka, Ijumaa baada ya swala kikaanza kupepesa taa nyekundu, na Jumamosi kikazima. Siku tatu! Redio ya mbao niliyomtengenezea bibi yako mwaka themanini na tisa inafanya kazi mpaka leo.

Najua utauliza kwa nini sikupigii simu. Sikupigii kwa sababu siku ya Idd ulinikatia. Mimi, Mwinyimadi, fundi redio wa miaka thelathini na nane, ambaye kutoka hapa hadi Mzenga hakuna nyumba ambayo redio yake haikupita mikononi mwangu, nikakatiwa simu na mtoto niliyembeba mabegani. Nimeapa. Kuanzia sasa mwenye neno na mimi aliandike kwa mkono wake. Dotto anapita Mlandizi na mananasi kila Jumanne na Ijumaa. Yule mwalimu wako, Zubeir, azipokee barua hapo stendi akuletee Kibaha, kama kweli ana nia na wewe.

Ulisema ukinitumia hiyo ruta pamoja na kishikwambi tutaonana uso kwa uso kila Jumapili bila wewe kukanyaga hapa, maana wewe nawe umeapa hukanyagi nyumba yenye Hajira mke wangu. Haya. Hajira yupo, ruta haipo. Niambie la kufanya, au nikaitupe shimoni.

Nimefika mwishoni. Salamu hujazistahili.

Baba yako,
Mwinyimadi


Picha ya Ndege, Kibaha
Alhamisi, 8 Mei 2025

Baba,

Shikamoo.

Sikukukatia simu bure. Nakukumbusha, maana naona umechagua kusahau. Siku ya Idd nilikupigia nikiwa nalia. Nilisema, "Baba, mwaka wa nne huu mama hayupo, na mwaka huu hata dua hamkumsomea?" Ukanijibu kwa furaha, "Ahsante mwanangu, na wewe pia, pilau tumekula." Pilau! Ungekuwa wewe usingekata?

Haya, ruta. Naapa umeiweka ndani ya kabati la vyombo la mama na kitambaa juu yake. Itoe. Inapata joto mle. Iweke dirishani upande wa mnara, mbali na friji. Chomoa waya wa umeme, hesabu mpaka sitini, chomeka, kisha kaa dakika tano bila kuigusa. Taa ya kwanza ni ya umeme, ya pili ni ya mtandao. Ya pili ikiwa nyekundu, fungua kile kimlango cha chini, toa laini, ifute kwa kitambaa kikavu, irudishe kama ilivyokuwa. Ikikataa tena, nyuma kuna kitundu; ingiza pini ubonyeze mpaka taa zote zizime kwa pamoja. Bando nimeshaliweka mpaka mwisho wa Juni, kwa hiyo usiniambie bando.

Na usiifungue. Nakujua. Ukigusa skrubu moja tu, dhamana imekwisha.

Na kama humo ndani kuna mtu anayeichomoa ili achaji simu yake aangalie tamthilia, mwambie kifaa kile sikumletea yeye.

Sikuharakishi bure. Jumapili tarehe 25 mjomba wake Zubeir, Mzee Yassin, atakuwa Mlandizi kutoka Muheza. Ndiye aliyemlea. Ana miaka sabini na nne, mgongo unamsumbua, barabara ya kuja huko haiwezi. Anataka akuone kwa picha, akusalimie, akuombe ruhusa ya kuleta posa. Nina miaka thelathini na mbili, Baba. Kule masjala nafungua mafaili ya ndoa za watu, nayafunga. Naomba usiniharibie.

Raudha


Maneromango, Kisarawe
Jumatatu, 12 Mei 2025

Raudha,

Nimeifungua.

Niliifungua hata kabla barua yako haijafika, na nilipofika kwenye habari ya dhamana nilicheka peke yangu. Skrubu nne, mbili zimefichwa chini ya miguu ya mpira utadhani wanaficha dhahabu. Ndani hamna cha kumtisha fundi. Nikaifunga. Haina kosa.

Halafu nikachukua mita yangu. Ninyi watoto wa mjini mnazima, mnawasha, mnahesabu sitini kama mnacheza kombolela, lakini hakuna hata mmoja anayepima. Adapta yako, hiyo inayochomekwa ukutani, ikiwa haina mzigo inatoa volti kumi na mbili safi. Ipe ruta ibebe, inashuka hadi saba. Inapata nguvu ya kuwasha taa, haina nguvu ya kuvuta mtandao. Huko Kwa Mathias umeuziwa mgonjwa aliyevalishwa kanzu. Nimetafuta adapta ya zamani kwenye boksi langu la vyuma, nikakata waya, nikaunga. Taa zote kijani. Wewe na pini yako!

Kabati la mama yako halikuguswa. Ruta ilikuwa dirishani tangu siku ya kwanza, Hajira ndiye aliyeiweka hapo. Na simu ya Hajira ni ya batani, haijui tamthilia.

Hayo tumemaliza. Sasa kuna la pili. Jana ulipopiga, picha ilikuja vizuri, nimeuona hata ufa wa ukuta nyuma yako, mwambie mwenye nyumba auzibe. Lakini sauti haiji. Ulikuwa unafungua mdomo na kuufunga kama perege aliyetolewa Ruvu. Ruta yako inabeba picha na kuiacha sauti njiani. Nimekuitikia kwa kichwa kwa sababu ya adabu tu. Itengeneze.

Na siku ya Idd sikukudhihaki. Niliitikia heri yako. Kama ulisema habari za mama yako, basi hukuzisema kwa sauti. Dua ilisomwa. Watu arobaini walikaa uani, na Hajira ndiye aliyepika.

Mwinyimadi


Picha ya Ndege, Kibaha
Alhamisi, 15 Mei 2025

Baba,

Shikamoo.

Kwenye adapta umenishinda. Nimekwenda Kwa Mathias kumkaripia yule muuzaji mbele ya wateja wake, akasema nimpelekee hiyo adapta aione. Mpe Dotto. Na kuhusu dua, sikujua. Ungeniambia, nisingelia peke yangu siku nzima.

Lakini kwenye sauti sikubaliani nawe. Picha na sauti vinapita njia moja. Mtandao ukiweza kubeba picha hauwezi kushindwa na sauti, kwa sababu picha ndiyo nzito. Tatizo litakuwa kwenye kishikwambi. Pembeni pana kitufe kirefu. Bonyeza upande wa juu mpaka ule mstari ujae. Tazama na chini, usiwe umekiegemeza mahali panapoziba matundu ya spika.

Halafu kuna jambo lilinichefua Jumapili na sitalinyamazia. Kila nikisema neno, yule mama anakuinamia sikioni. "Anasema hujambo." "Anauliza mguu unaendeleaje." Nilimsikia. Ina maana yeye sauti anaipata vizuri sana! Sasa mbona kwako haiji? Au siku hizi maneno yangu lazima yapite kwake kwanza, ayachuje, ndipo yakufikie wewe? Tarehe 25 simtaki karibu na kishikwambi. Atoke nyumbani kabisa. Hayo ni mazungumzo ya baba na wakwe, na wakwe hawakuja kuzungumza naye.

Namtuma Tito, fundi wa mitandao wa hapa mtaani kwetu. Atafika Jumamosi tarehe 24, akague kila kitu. Tafadhali usimfundishe kazi.

Raudha


Maneromango, Kisarawe
Jumatatu, 26 Mei 2025

Binti yangu Raudha,

Leo salamu unazipata, tena zote.

Tito alikuja. Ni mtu mwenye adabu lakini ananong'ona kama anauza kitu cha wizi. Nikamwambia, "Sema kama mwanamume!" Akarudi nyuma hatua mbili. Alipima akapima, akageuza antena, akaridhika. Nilimwonyesha ile adapta niliyoiunga, akainua kidole gumba.

Jumapili Hajira nilimwondoa kama ulivyoamuru, akaenda kwa jirani, ingawa alikuwa akigeuka nyuma kila hatua tatu. Nilivaa koti na kofia ya Idd. Nikakaa wima.

Mzee Yassin ana uso wa mtu mkweli. Sauti yao ilikuwa mbovu, kama mbu ndani ya kopo, lakini mtu mzima hahitaji kila neno. Tukasalimiana vizuri. Kisha akaanza habari za mashamba. Alifungua viganja mbele yake kama mtu anayemwaga unga, nikajua anauliza kama nimepuliza salfa kwenye mikorosho. Nikamjibu ukweli, kwamba bado, mwaka huu hapana, nimezeeka, labda mwakani Mungu akipenda. Akashusha viganja. Nadhani alinisikitikia. Mara mtandao ukakatika, giza tupu.

Habari ya posa hakuigusa. Naona ni mtu wa hatua kwa hatua. Usimharakishe. Nimempenda.

Baba yako,
Mwinyimadi


Picha ya Ndege, Kibaha
Jumatano, 28 Mei 2025

Baba,

Shikamoo leo imenigoma kooni.

Nilikuwepo. Nilikaa pembeni sebuleni kwa Zubeir, mtandio kichwani. Mzee Yassin alisema hivi, na nakuandikia neno kwa neno: "Mzee mwenzangu, tumeona binti mwema nyumbani kwako. Je, unaturidhia tulete posa?" Akafungua viganja. Na wewe, na koti lako la Idd, ukamtazama machoni ukasema, "Bado. Mwaka huu hapana. Nimezeeka mimi. Labda mwakani, Mungu akipenda."

Mtandao haukukatika, Baba. Ni yeye aliyeilaza simu kifudifudi mezani. Shangazi yake Zubeir akasema, "Kumbe tumeitwa tuje tuaibishwe." Zubeir alinitazama kama mimi ndiye niliyekufundisha hayo maneno. Jana alinipa barua yako bila kushuka kwenye pikipiki.

Nikaifungua nikidhani nitakuta maelezo, nikakuta mikorosho. Salfa! Watu wamekuomba mtoto, unaniandikia salfa! Mzaha gani huu?

Tito naye nilimbana. Akasema, "Dada, ile ruta haina shida hata chembe. Kasi yake inazidi ya hapa kwako. Sauti nimeipandisha na nimeunga na spika kubwa ya mzee, mpaka mama wa nyumba ya tatu akatoka kuuliza kuna nini." Nyumba ya tatu! Basi usiniambie tena sauti haiji. Sauti inakuja. Wewe ndiye hutaki kunisikia.

Tangu umwoe huyo mama, mwaka wa pili sasa, hujawahi kunijibu nililokuuliza. Nikikuuliza hali, unaniambia mvua. Mwaka jana nilikupigia nikiwa kitandani hospitali na malaria, nikakuambia nimelazwa, ukasema, "Vizuri, vizuri." Nililala na hilo neno siku nne. Nilidhani ni simu mbovu. Sasa najua ni moyo.

Kama hutaki niolewe, ungeniambia mimi, si kunivua nguo mbele za watu. Sitasubiri mwakani. Nitakwenda kwa kadhi nimwambie baba yangu yu hai ila amekataa bila sababu, aniozeshe yeye. Mzee Yassin amebaki Mlandizi wiki tatu kutibiwa mgongo. Nina muda huo tu.

Ruta itupe shimoni kama ulivyotaka.

Raudha


Maneromango
Jumatatu tarehe 2 Juni 2025

Raudha,

Assalaam aleikum. Mwandiko wangu mbaya, niliishia darasa la nne, utanivumilia. Baba yako hajui kama naandika. Dotto nimemwapisha.

Barua yako ilifika Ijumaa asubuhi. Akaisoma amesimama mlangoni, akaisoma tena amekaa. Nikamgusa bega. Akaiacha kwenye kiti akaingia kwenye kile kibanda chake cha redio akajifungia. Swala ya Ijumaa hakwenda. Tangu nimjue hajakosa Ijumaa hata moja.

Baba yako hasikii, Raudha. Ni kiziwi.

Basi nimeshasema. Sikio la kushoto halina kitu kabisa. La kulia limebaki na kidogo, ukisogea karibu ukasema taratibu huku anakutazama mdomo. Ilianza kabla yangu. Hata mimi alinificha, nikagundua siku ya tano ya ndoa, sufuria ilianguka nyuma yake na hakugeuka. Nilipomuuliza akaniapisha nisimwambie mtu yeyote, na wewe alikutaja kwa jina. Msikitini anafuata migongo ya watu wa mbele ndipo ajue wameinama. Hilo la simu na wewe alikuwa anakisia tu. Ukipiga ataanza kuhesabu, hapa atakuwa ameuliza hali, hapa atakuwa amenitakia heri. Wakati mwingine anapatia. Akipatia anafurahi siku nzima. Ndiyo maana alipokatiwa siku ya Idd akashukuru akasema barua, barua ndiyo dawa.

Kiapo nimekivunja leo, nitafunga siku tatu.

Sasa na mimi niseme langu, nimelibeba vya kutosha. Baba yako anasoma barua zako kwa sauti. Yeye hajui, anadhani anasoma moyoni, nyumba nzima inasikia. Yule mama, yule mama, huyo mama. Eti nachuja maneno yako. Nilikuwa nayarudia! Nayapigia kelele sikioni kwake mpaka koo linaniwaka, kwa sababu hakuna neno duniani analolitaka kama la kwako. Ukaniamuru nitoke, nikatoka. Nikakaa kwa jirani, nyumba ya tatu hiyo hiyo aliyokutajia fundi, nikamsikia huyo mzee wa Muheza anaomba posa, nikasikia na jibu. Nilikimbia khanga ikanidondoka njiani. Nafika, kishikwambi kimezimwa, baba yako anatabasamu, ananiuliza, "Nimeongea vizuri?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hiyo ndiyo dhambi yangu kwako, nyingine sina.

Hilo la kadhi limemvunja. Njoo au usije, lakini usimwandikie tena namna ile.

Hajira


Kibaha
Alhamisi, 5 Juni 2025

Mama Hajira,

Shikamoo.

Nimeshika kalamu tangu asubuhi hapa ofisini, mafaili yamerundikana, mkuu wangu amepita mara mbili akaniangalia akaondoka.

Nina hasira na wewe. Miaka miwili! Kiapo cha kumficha mtoto maradhi ya baba yake kina thawabu gani? Hapa nilipo, hospitali naiona kwa dirisha. Kuna madaktari wa masikio, kuna vipimo. Pengine miaka miwili iliyopita palikuwa na la kufanya, na pengine leo halipo, na sitajua. Ungevunja kiapo mapema ukafunga hizo siku tatu, hata mimi ningefunga nawe.

Na yeye nina hasira naye. Mtu anakaa mbele ya ruta na mita mkononi, anapima volti, anailaumu ruta, anamlaumu Tito, anaacha kila kitu kiwe kibovu isipokuwa yeye!

Halafu nina hasira na huyu mwingine, aliyemwandikia baba yake kwamba hataki kusikia. Huyo aliyekuamuru utoke. Kila nikitaka kumkwepa, nakuta mwandiko ni wangu.

Barua yako nimempa Zubeir aisome pale pale stendi. Alipofika mwisho akasema, "Mikorosho, Raudha. Alikuwa anamjibu mjomba habari za mikorosho." Akacheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa mtaro, wapiga debe wanamshangaa. Kisha akaacha kucheka, akajifuta uso, akasema yeye hatamwambia mjomba wake. Siri si yake. Mwenye masikio aseme mwenyewe, au anyamaze, na yeye Zubeir atasubiri mwaka mzima kama ni lazima.

Naomba umwonyeshe Baba barua hii. Sitaki kujua jambo lake kwa mlango wa nyuma. Akikasirika, atukasirikie sote wawili.

Samahani kwa "yule mama". Sikujua unasikia. Hapana, hilo si kweli. Nilitaka usikie.

Raudha


Maneromango, Kisarawe
Jumatatu, 9 Juni 2025

Raudha,

Nimekasirika. Nimekasirika tangu Ijumaa, na Idd yote ya kuchinja imepita nimekasirika, nyama sikuijua ladha yake. Nyumba hii ina majasusi. Mmoja analala chumbani kwangu, mwingine yuko Picha ya Ndege, na mchukuzi wao ni Dotto ambaye nilimtengenezea redio ya gari bure.

Lakini umenikasirisha zaidi kwa moyo. Uliandika ni moyo. Mtoto wangu anafikiri nilisikia amelazwa nikasema vizuri.

Sasa nisome vizuri, maana sitaandika haya mara ya pili.

Mama yako alikuwa kitandani miezi miwili alipokuja Latifu wa Mzenga na redio yake. Nikaifungua, nikabadili waya, nikawasha. Kimya. Nikabadili spika. Kimya. Nikageuza kitufe cha sauti mpaka mwisho, nikamwambia, "Latifu, hii imekufa, kazike." Nikainua uso. Watu wote barazani walikuwa wameziba masikio. Redio ilikuwa inapiga makelele mikononi mwangu. Latifu aliinuka, akaichukua. Aliizima, akaitia kwapani, akanipa mkono akaenda zake. Kesho yake nikafunga kibanda, nikawaambia watu redio hazina wateja siku hizi.

Nilikuwa fundi wa kusikia, Raudha. Wengine walihitaji mita, mimi niliweka sikio. Ningewaambiaje watu?

Na mama yako sikumwambia. Siku ile ya mwisho, alasiri, wewe ulikuwa njiani unakuja, alinishika mkono akasema jambo. Midomo ilitembea. Lilikuwa jambo refu. Nikaitikia kwa kichwa. Akafumba macho. Mpaka leo sijui nilikubali nini.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutikisa kichwa. Sitaki kuonewa huruma. Sitaki kupigiwa kelele pia, mwambie kila mtu; kelele siyo sauti, inaniumiza tu. Anayetaka kusema nami akae mkono wa kulia, aseme taratibu, nimwone mdomo.

Mzee Yassin nimemwandikia mwenyewe. Nimemweleza kwamba mimi ni kiziwi, kwamba nilimjibu mikorosho, na kwamba posa yake naipokea kwa mikono miwili. Najua posa huletwa nyumbani kwa binti, haifuatwi. Lakini niliyeikataa kwa mdomo wangu ni mimi, na mgongo wake hauiwezi barabara hii. Jumapili tarehe 15 nitakwenda Mlandizi. Huyo kadhi mwache apumzike. Nitakuozesha mimi, kinywa ninacho.

Daktari nitamwona, baada ya hapo. Akinipa kitu kinachokoroma nitakifungua.

Ruta sikuitupa. Hajira anaongea na dada yake wa Kilwa kila siku, wanapiga makelele, najua kwa mishipa ya shingo.

Baba yako,
Mwinyimadi


Picha ya Ndege, Kibaha
Alhamisi, 12 Juni 2025

Baba,

Shikamoo.

Mzee Yassin amesomewa barua yako mara mbili, ya pili aliiomba mwenyewe. Kisha akamwambia Zubeir, "Huyu mtu aliniaibisha mbele ya watoto, na sasa ananiaibisha tena kwa kuja yeye wakati wa kwenda ni mimi. Andaeni kiti kizuri." Shangazi mtu bado amenuna. Atanuna mpaka pilau iive.

Nami bado nina hasira, usidhani imekwisha. Nikifika nitakugombeza, polepole, upande wa kulia, uone kila neno.

Mama alisema nini siku ile, sijui. Sikuwahi kufika. Lakini kuna kitu nimekikumbuka tangu juzi na nimeshindwa kufanya kazi. Wiki chache kabla, aliniambia, "Ukiongea na baba yako msogelee, mtazame usoni, ndipo useme." Nikadhani ananifundisha adabu. Alikuwa anajua, Baba. Kwa hiyo hata jambo lile refu alilisema akijua. Hakukudai jibu. Alitaka tu kukuambia huku umemshika mkono.

Nimeomba ruhusa kazini. Kesho Dotto akigeuza gari Mlandizi nitapanda naye, barua hii mkononi, nikuchukue, Jumapili twende wote. Hodi nitambishia Mama Hajira, nyumba ni yake. Wewe nitakuja mpaka mbele ya macho yako.

Mwanao,
Raudha